Mlango Usio na Foleni

Neno lilianzia kisimani, kwa wanawake wa Faza, na Ijumaa haikufika ila limeshaingia kila ua: kwamba mashine ya boti za wagonjwa inabagua. Walisema ukiomba boti kutoka hotelini Shela inakujibu papo hapo, na ukiomba kutoka Faza au Kiunga inakwambia hakuna nafasi, jaribu tena. Walioongeza chumvi wakasema haibagui kwa akili yake, imefundishwa, na aliyeifundisha ni Taufiq wa Bi Umi, mtoto aliyesomeshwa kwa achari ya mamake mpaka akasahau alikozaliwa.

Bi Umi hakuwa mtu wa kujali maneno ya kisimani. Mumewe Madi alipofariki walisema yeye ndiye aliyemmaliza kwa midomo, akanyamaza, wakachoka wenyewe. Lakini hili lilimganda kama kupe. Siku moja alikuwa akikata maembe ya achari, jirani akachungulia mlangoni, akamtazama kwa huruma ya kinafiki, akasema, "Lisemwalo lipo, Bi Umi. Kama halipo, laja." Kisha akaomba chupa ya kuonja, akapewa, akaenda zake. Bi Umi aliporudia maembe yake alijikata kidole, chumvi na pilipili zikaingia humo humo, na hata hivyo kilichomuuma ni lile neno.

Lilimuuma kwa sababu lilikuwa limeshaanza kula. Taufiq alikuwa amemposa Rumaisa, binti wa watu, na siku ya kukubaliwa ilikuwa imekaribia. Wazee wa Rumaisa wakatuma mtu kusema kwamba hawajakataa, wanangoja tu upepo utulie. Bi Umi alijua maana ya kungoja kwa namna hiyo. Binti hunyimwa kwa adabu.

Akampigia simu mwanawe huko mjini Amu, kwenye ofisi ya kampuni ya boti. Taufiq alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akasema kukataa ni kweli inakataa, ila haichagui mtu. Wa Shela nao wanakataliwa, lakini wao wakikataliwa hupanda boti ya hoteli wakaenda, basi husikii wakilalamika. Bi Umi akamwuliza inakataaje na boti zipo. Taufiq akamweleza kwa mfano wa masufuria.

Faza kuna masufuria makubwa ya mtaa, ya kupikia pilau za harusi. Huwekwa nyumba moja. Mwenye shughuli huazima, akimaliza hurudisha, mwingine akaazima. Basi na mashine ni hivyo hivyo, Taufiq alisema. Majina ya wagonjwa na habari za boti zimo katika ghala moja. Mbele ya ghala kuna seva mbili, hizo ndizo nyumba mbili, na kila seva ina njia zake chache za kuingilia ghalani, hizo ndizo masufuria. Mtu akibonyeza simu kuomba boti, seva humwazima njia moja, ombi lake hufika ghalani, jina huandikwa, boti hutafutwa, na njia hurudi ili apewe mwingine. Huko nje, penye njia panda, yuko mgawaji. Kazi yake ni kumwambia kila ajaye: wewe nenda kwa seva hii, wewe nenda kwa ile.

"Sasa kuna mahali njia zinaazimwa hazirudi," Taufiq alisema. "Nyumba moja inaishiwa. Sijui zinapotelea wapi, kwa sababu kila nikitaka kutazama, Bwana Ndirangu keshaizima na kuiwasha."

Bwana Ndirangu ndiye aliyekuwa mkuu wao, mtu wa bara, mpole, mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa. Seva ikiganda, izime, iwashe. Na kweli ikizimwa ikawashwa njia zote hurudi mahali pake, watu wakapata boti. Lakini alama zote nazo hufutika. Ni kama kumwosha na kumzika mtu kabla hujajua kilichomuua, na kesho akafa mwingine vile vile.

Hapo ndipo Bi Umi aliposema neno lake. Hakusema itengenezeni. Alisema, "Izime, iwashe, hayo hayatoshi. Mimi nataka ushahidi. Nionyeshe ugonjwa wake niuone kwa mato yangu, niende nikawatie kinywani mmoja mmoja."

Taufiq akasema, "Inshallah, mama."

Sasa, Bi Umi alikuwa na mtoto mwingine, mkubwa wa Taufiq, jina lake Lubna. Ameolewa Kiunga na Yassir, mvuvi wa kamba, na mimba yake ilikuwa imetimia. Katika nyumba yao kulikuwa na mwiko aliourithi Bi Umi kwa mamake naye kwa mamake: uchungu wa uzazi hautangazwi. Usiku wa kumpeleka kwa mumewe, Bi Umi alimshika Lubna mashavu kwa mikono miwili akamwambia, "Uchungu ukikushika fumba kinywa. Asijue mamako, asijue nduguyo. Kila sikio linalojua huongeza saa moya ya uchungu." Nao Lubna alikuwa mtoto msikivu. Tangu udogo wake ukimwambia jambo halikutoka.

Siku yenyewe Bi Umi alivuka kwenda Amu na chupa zake za achari, na bakuli la wali na samaki wa kupaka kwa ajili ya mwanawe. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Bwana Ndirangu alikuwa amekwenda Mombasa mkutanoni. Walikuwamo Taufiq na Kemunto tu, msichana wa Kisii aliyekaa penye meza ya simu. Maombi yaliyokubaliwa hutokea mbele yake, naye huwaamuru manahodha: wewe wa Faza nenda pale, wewe wa Kiunga ng'oa nanga. Bila neno lake boti haitoki.

Ilipofika adhuhuri seva moja ikaganda. Taufiq akaiona, akasugua mikono, hakuizima.

Kemunto akasema bila kugeuka, "Si uitoe kwanza barabarani? Watu waende kwa hii nzima."

"Nikiitoa hakuna atakayeigonga. Isipogongwa sitaona inafanya nini."

"Lakini Ndirangu alisema izimwe, iwashwe."

"Ndirangu hasemwi kisimani," Taufiq akajibu.

Bi Umi alilipenda jibu hilo. Alivuta kiti akakaa nyuma ya mwanawe, akamwambia Kemunto amwache mwenzake afanye kazi, wala si kwa ukali, kwa sauti ya mama anayemjua mwanawe. Kemunto akamwacha. Alikuwa mgeni na yule alikuwa mzazi.

Kwenye kioo cha kompyuta mistari ikaanza kuteremka, mwekundu, mwekundu, mwekundu. Kila mstari ni ombi lililokataliwa. Bi Umi akauliza hawa ni akina nani. Taufiq akasema hawana majina bado. Jina huandikwa ombi likifika ghalani, na hawa wameishia mlangoni.

"Hawaumii?" Bi Umi akauliza.

"Watajaribu tena. Aliye na shida kweli hupiga simu." Taufiq akaionyesha kwa kidole simu ya mezani kwa Kemunto. "Imelia?"

Haikuwa imelia.

Wengine walijaribu mara mbili tatu wakaacha. Mmoja hakuacha. Akikataliwa anarudi, akikataliwa anarudi, kwa mwendo ule ule, kama mtu anayebisha mlango kwa kiganja. Taufiq akamzoea. Akaanza kumwita mteja wake.

"Tazama huyu, mama. Ana kichwa kigumu huyu. Wenzake wananikimbia, yeye ananishikia taa."

Bi Umi akacheka naye. "Mngu amjaze nguvu asichoke."

Kemunto peke yake hakucheka. Alisema anayebisha namna hiyo hana raha huko aliko. Bi Umi akamwona ni msichana wa watu asiyejua mzaha, akamkaribisha wali. Akakataa wali.

Adhuhuri ikazeeka. Taufiq alikuwa akifuata mstari mmoja mmoja, akisoma aliyoandika yeye na wenzake miezi mingi nyuma, midomo ikimchezacheza kama msoma juzuu. Mara akapiga paja.

"Mama, ndoo uone."

Alikuwa amelipata, na lilikuwa jambo dogo la kutia aibu. Mtu akiomba boti na ombi lake likamalizika salama, njia inarudi. Lakini mtandao ukimkatikia katikati, kama unavyokatika kila siku visiwani, shughuli inafia hapo na njia hairudi. Waliandika namna ya kurudisha sufuria harusi ikifana. Hawakuandika namna ya kulirudisha harusi ikivunjika. Kila aliyekatikiwa aliondoka na njia moja bila kujua, mpaka seva ikabaki mikono mitupu.

"Hilo ni nusu," Taufiq akasema, macho yakimng'aa. "Nusu ya pili ndiyo tamu. Mgawaji yule wa njia panda, unajua anachagua vipi pa kumpeleka mtu? Anatazama mlango wenye foleni fupi. Seva nzima ina foleni kwa sababu inahudumia watu, na mtu kuhudumiwa huchukua muda. Hii mbovu inakataa mara moja, mtu hakai. Basi mlangoni pake hapana foleni kamwe. Mgawaji akitazama anaona, aa, hapa pako wazi, na anawapeleka wote hapa. Akiiuliza, u hai? Inajibu, ni hai. Uongo haisemi. Hai ni hai. Ila kazi haifanyi."

"Kwa hiyo haibagui."

"Haimjui mtu, mama. Inampeleka kila ajaye kwa yule anayemfukuza haraka."

Bi Umi alihisi kifua kinafunguka. Tangu neno lile lizaliwe hakupata kuvuta pumzi ikafika chini. Alijiona kisimani, ndoo kichwani, akiwaeleza taratibu, nao wakitazama miguu yao. Alimwona babake Rumaisa akituma mtu kwa mara ya pili. Taufiq akanyosha mkono ili aitoe seva ile barabarani, na Bi Umi akamshika kifundo cha mkono.

"Ngoja. Niwapigie picha kwanza. Nikienda na maneno matupu watasema nimetungiwa."

Akatoa simu yake. Kioo cha mashine kilimeremeta, picha ikatoka nyeupe. Akarudia. Ikatoka kidole. Taufiq akacheka, akamfundisha pa kushika, akafunga dirisha ili nuru ipungue. Mistari ikaendelea kuteremka, na yule mmoja alikuwa bado anabisha, ila sasa kwa kuachia nafasi, kama aliyeanza kuchoka. Picha ya mwisho ilitoka nzuri, nyekundu juu hadi chini. Bi Umi akaitazama, akasema alhamdulillahi.

Ndipo Taufiq alipoitoa seva mbovu, akaandika maneno machache, popote shughuli itakapokatikia njia irudi, akaizima, akaiwasha, akairudisha barabarani. Wekundu ukakoma. Mstari wa kijani ukateremka, wa kwanza, na mbele ya Kemunto kikalia kile kikengele cha ombi lililofika.

Kemunto alisoma kama asomavyo siku zote, kwa sauti ya kazi. "Kiunga. Lubna Madi. Mja mzito, mtoto ametanguliza mguu. Anaomba tangu adhuhuri."

Taufiq na mamake wakainuka kwa pamoja. Kemunto, asiyejua Lubna ni nani, alikuwa tayari na simu sikioni akimwamuru nahodha wa Kiunga, na alipogeuka kuuliza kwa nini wamesimama, aliona bakuli la wali liko sakafuni.

Yaliyokuwa Kiunga Bi Umi aliambiwa baadaye na mamake Yassir. Yassir alikuwa baharini. Mkunga alipouona mguu alisema huyu ni wa hospitali. Lubna akabonyeza simu. Hakuna nafasi, jaribu tena. Mamake Yassir akamwambia mpigie nduguyo, si ndiye mwenye mashine. Lubna akakataa. Alisema mamake alimkataza. Akamwambia basi piga ile namba ya ofisi, Lubna akasema ofisini ndiko aliko nduguye, sauti yake ataijua. Akabonyeza tena. Alikuwa akibonyeza kwa mkono mmoja, wa pili ameuma asilie, na kwenye upenyo wa mlango boti ya wagonjwa ilikuwa inaonekana imefungwa, inacheza juu ya maji. Mamake Yassir akamwendea nahodha, Patroba, kijana wa bara, akamwambia kuna mgonjwa. Hakusema mgonjwa wa nini, kwa kuwa alikuwa ameapishwa. Patroba akamwonyesha simu yake isiyo na amri. Aliyekuwa kabla yake alitoka bila amri akafukuzwa kazi. Akasema, mama, waambie wabonyeze tena.

Boti ilipotoka ilitoka kwa kasi. Patroba alilia njia nzima, mamake Yassir alisema, na kulia kwake hakukuongeza mwendo.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alizikwa Faza bila kuingia nyumba yoyote. Lubna walimwokoa roho, kizazi hawakukiokoa.

Taufiq alisimama mlangoni mwa wodi hata mamake akaogopa ataanguka. Lubna alikuwa macho. Akamwita kwa kichwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye mashine."

"Uliniona?"

Taufiq angeweza kusema sikukuona, na ingekuwa kweli. Lakini alikuwa ameshazoea kutafuta ukweli wote. "Niliona mtu anabisha," akasema.

"Mtu," Lubna akasema. Akageukia ukuta. Mpaka leo hajamgeukia.

Kwa mamake alisema jambo moja tu, siku ya kurudi Kiunga, akifungiwa bahasha ya dawa. Hakulisema kwa hasira. "Mama, nilifumba kinywa kama ulivyonambia."

Mashine ile sasa inafanya kazi vizuri. Bwana Ndirangu aliporudi alimpa Taufiq mkono wa tanzia kwanza na wa pongezi baadaye, na katika mkutano mwingine Mombasa wakaeleza vile mgawaji alivyodanganyika, watu wakaandika. Taufiq hakwenda. Amekaa ndani, anasuka ukili wa mikeka ya mamake vibaya, ukifumuka anausuka upya. Wazee wa Rumaisa walikuja matangani wakala wali wakaomba dua, na tangu hapo hawakutuma mtu.

Kisimani neno la zamani limekufa. Hakuna asemaye tena kwamba mashine inabagua. Wanasema mtoto wa Umi alimwacha dadake wa tumbo moja mlangoni, akitazama, ili aijaribu mashine yake, na mama amekaa pembeni anacheka na kupiga picha. Bi Umi hajui nani aliyewaambia. Kemunto si mtu wa maneno. Huenda ni yeye mwenyewe Bi Umi, usingizini.

Yule jirani alikuja tena, akasimama pale pale mlangoni. Safari hii hakusema kitu na hakuomba achari. Bi Umi alimngoja aseme, kwa kuwa jibu alikuwa nalo siku zote, jibu la kuwa ni uongo, ni husuda, Mngu atawalipa. Akalitafuta kinywani. Halikuwapo. Jirani akaondoka, na Bi Umi akaendelea kukata maembe.

Ile picha bado imo katika simu yake. Hajui kuifuta, na hawezi kumwomba Taufiq amfundishe.

Basi mwenye mwana na asome haya ya kuepuka:

Usimfundishe binti yako kuficha uchungu. Asiyejua hawezi kuja.

Usibonyeze simu ukangoja tu. Piga, sema jina lako, sema uko wapi, sema una nini.

Ukitumwa kuomba boti, usiseme "mgonjwa" tu. Taja ugonjwa hata kama ni wa aibu.

Usiache kitu kibovu barabarani ili ukichunguze. Kitoe kwanza, watu wapite, halafu kaa nacho hata mwezi.

Usiandike namna ya kurudisha ulichoazima siku ya heri tu.

Usidhani mlango usio na watu ndio wenye nafasi.

Usimwambie nahodha asitoke bila amri ya mashine wakati mtu amesimama mbele yake analia.

Usimcheke anayebisha.

Usimtume mwanao kuwajibu watu wa kisimani.

Usipige picha.